Mchanga Kwenye Dagaa wa Wageni

Bernadeta hakuwa na jua la kutegemea. Hakuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia dagaa. Hakuwa na turubai lisilotoboka, wala mtu wa kulivuta naye mvua ikianza. Hakuwa na mgongo aliokuwa nao alipokuwa msichana. Hakuwa na siku ya kupumzika. Na kwa mwaka mzima hakuwa na jibu la swali moja: kwa nini dagaa wake waliharibika wakati walikuwa wamekwisha kukauka?

Kazi ndiyo aliyokuwa nayo, tena nyingi. Siku za giza, wakati mwezi hauonekani, wavuvi huwasha taa ziwani na dagaa huufuata mwanga. Asubuhi mitumbwi hufika mwaloni, pale ufukweni inaposhusha samaki, imejaa. Bernadeta alikuwa akiingoja pale, upande wa Butimba, na ndoo zake. Alinunua dagaa wabichi, akawaosha, akawamwaga juu ya mchanga na kuwatandaza kwa mikono. Jua likiwaka, jioni alikuwa na dagaa wakavu. Mvua ikinyesha, alikuwa na uozo.

Hata jua likiwaka, mchanga wenyewe ulikuwa tabu. Dagaa mbichi hushika mchanga. Mpishi asipoosha vizuri, mlaji husaga mchanga kwa meno. Wanunuzi walilalamika, kisha wakanunua, maana kila mtu mwaloni alianika mchangani.

Masika moja mvua ilinyesha mfululizo. Bernadeta alirudi nyumbani na ndoo tupu. Nguo zilikuwa zimemgandia mwilini. Alikaa mlangoni bila hata kuvua viatu.

"Leo vipi, Mama Winnie?" aliuliza mume wake, Luhaga. Alimwita kwa jina la binti yao, kama alivyozoea.

"Usiniulize. Bata wa jirani yetu Selina wameshiba leo."

"Wote umewamwaga?"

"Wote. Nimechoka, Baba Winnie. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

Luhaga alimpokea ndoo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa Mkuyuni, karibu na soko. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno mengi aliyaweka kwa ajili ya wateja. Lakini siku ile alimtazama mke wake pale mlangoni, na moyo ukamuuma.

Karakana ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyobaki kwenye kazi za mageti. Luhaga aliyakunja, akayachomelea, akayabeba kwa mkokoteni hadi Butimba. Kwenye kiwanja chao kidogo karibu na mwalo akajenga banda refu. Akalifunika lote kwa nailoni nzito inayopitisha mwanga. Ndani akaweka chanja za wavu, zilizoinuliwa hadi usawa wa kiuno. Dagaa wakatandazwa juu ya wavu. Mvua ikanyesha nje, dagaa wakakauka ndani. Hakukuwa na mchanga, wala bata.

Watu wa mwaloni walikuja kutazama. Alikuja pia Salehe, mfanyabiashara aliyenunua dagaa wakavu na kuwauza Misungwi na mbele zaidi.

"Fundi, umejenga kanisa la dagaa!" alisema Salehe.

"Ingia uokoke," alijibu Luhaga.

"Mbona sisikii kwaya?"

"Kwaya ni inzi. Nimewafungia nje."

Salehe alicheka. Akachukua dagaa mmoja, akamvunja kwa vidole. Alikatika vizuri. "Hawa nawachukua wote, shemeji," alimwambia Bernadeta. Usiku ule Bernadeta alilala kama aliyepigwa dawa ya usingizi.

Furaha ile haikudumu. Baada ya wiki chache Salehe alirudi na magunia yale yale mgongoni mwa pikipiki.

"Shemeji, naona haya kusema."

"Sema tu."

Salehe alifungua gunia. Dagaa hawakuwa tena na rangi yao ya fedha. Walikuwa wa manjano, wengine rangi ya kutu. Walinuka kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi.

"Wateja wananiuliza kama nimewakaanga kwa mafuta ya gari," alisema Salehe.

"Umewaweka vibaya," alisema Luhaga. "Stoo yako ina unyevu."

"Stoo ni ile ile, Fundi. Wa mchangani wamekaa humo humo, wazima kabisa."

"Basi ni gunia. Banda langu halina kosa!"

Salehe hakubishana. Wale dagaa waliuzwa kwa wafugaji, wakawa chakula cha kuku. Gunia lililofuata likawa zuri. La baada yake likaharibika. Jingine likawa nusu kwa nusu. Hapo ndipo Bernadeta alipochoka kweli. Alimwambia Selina, jirani yake aliyeanika mchangani, "Afadhali mvua. Mvua unaiona inakuja."

Siku moja Luhaga alikuwa karakana, redio imewashwa. Alisikia tangazo kwamba mfuko mmoja wa serikali unatoa fedha za utafiti kwa wafanyabiashara wadogo wenye kitu kipya. Alisikia "fedha". Alisikia "kitu kipya". Neno lile la katikati halikumkaa kichwani. Jioni akachukua karatasi na kuandika kwa mwandiko mzuri. Aliandika kwamba banda lake linafanya kazi vizuri sana, kwamba halina tatizo lolote, na kwamba anaomba fedha za kujenga mabanda mengine makubwa zaidi.

"Na wale walioharibika?" aliuliza Bernadeta.

"Umeona wapi mtu anaomba kazi kwa kutaja magonjwa yake?"

Maombi yakatumwa. Baada ya muda ukaja ujumbe kwamba wageni wangefika kuliona banda. Ujumbe uliingia siku mbaya. Dagaa waliokuwa wamehifadhiwa bandani walikuwa wameanza kugeuka manjano.

Bernadeta na Luhaga wote wawili walilelewa kwa desturi moja. Mgeni akija, mkeka mpya unatandikwa, kuku mnono anachinjwa, na sufuria iliyotoboka inafichwa chumba cha ndani. Mgeni haonyeshwi kibaya. Kumwonyesha kibaya ni kumkosea heshima. Kwa hiyo Luhaga hakuona ubaya kwenda kwa Selina. Alinunua dagaa wazuri kabisa waliokaushwa mchangani. Akawapepeta, akawapanga juu ya chanja za wavu. Wale wa manjano akawafungia jikoni.

"Baba Winnie, huu ni uongo," alisema Bernadeta.

"Si uongo. Ni kufagia nyumba kabla ya wageni."

Wageni walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Elias, ofisa wa mfuko. Mwingine aliitwa Najat, dada kijana, mtafiti wa samaki katika kituo kimoja cha utafiti pale mjini. Luhaga aliwapokea kwa suruali iliyopigwa pasi. Aliwaeleza kila bomba na kila wavu. Najat alisikiliza kwa makini. Kisha akachukua dagaa mmoja kwenye chanja, akamtia mdomoni.

Kru.

Bernadeta aliisikia sauti ile kutoka mlangoni. Najat aliacha kutafuna. Akachukua dagaa mwingine kutoka chanja nyingine.

Kru.

"Baba, hawa wamekaukia humu?" aliuliza Najat.

"Humu humu, mwanangu. Kwenye chanja hizi unazoziona."

"Na mchanga haufiki?"

"Haufiki hata chembe! Hiyo ndiyo sifa yake kubwa," alisema Luhaga na kupiga chuma kwa kiganja.

Elias alitazama viatu vyake. Najat alimeza alichokuwa nacho mdomoni. "Asante sana, baba," alisema kwa upole. Wakanywa soda walizoandaliwa, wakaaga.

Jibu lilikuja kwa barua. Luhaga alisoma mstari wa kwanza tu: maombi hayakukubaliwa. Akaiweka mezani na kutoka nje. Bernadeta ndiye aliyeisoma hadi mwisho. Iliandikwa kwamba maombi hayakuonyesha swali la utafiti. Iliandikwa pia kwamba wangeweza kuomba tena.

Luhaga aliporudi alikuwa amekwisha kuamua. "Mwisho wa mwezi nabomoa banda. Mabomba yale yatatoa mageti mazuri."

"Na mimi?"

"Utarudi mchangani kama wenzako."

Bernadeta aliikunja barua. Vuli ilikuwa inakaribia. Alijua kitu ambacho hakuwahi kumwambia mume wake. Alijua kwamba mgongo wake hautamaliza mvua nyingine kwenye mchanga. Banda likibomolewa, kazi yake imekwisha. Hakuwa na kazi nyingine.

"Kama ni mwisho wa mwezi, basi niachie hizi siku zilizobaki," alisema.

"Uzifanyie nini?"

"Nikaulize."

Asubuhi alitia dagaa wa manjano kwenye mfuko, akaenda kwenye kituo cha Najat. Getini mlinzi alikunja pua.

"Mayu, mama yangu, umebeba nini humo?"

"Aibu yangu."

"Basi pita nayo haraka, tafadhali."

Najat alisimama alipomwona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka vizuri. Wewe ni mama wa wale dagaa wenye mchanga."

Bernadeta aliinamisha kichwa. "Tuliwanunua kwa jirani. Tuliona haya kuwaonyesha wetu."

"Nilijua, mama."

"Ulijua?"

"Hata jino langu lilijua. Mpaka leo linaniuma."

Najat akacheka. Bernadeta naye akajikuta anacheka, ingawa hakutaka. Kisha akafungua mfuko. "Wa kwetu ni hawa."

Najat aliwamwaga kwenye sinia jeupe. Aliwanusa, akawageuza, akamvunja mmoja na kumtazama dirishani penye mwanga. Alionekana kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Hawa ndio niliowafuata siku ile," alisema.

"Hawa wabovu?"

"Hawa hawa. Wengine wako wapi?"

"Wameliwa na kuku."

"Ah, mama! Kuku wamekula utafiti wenu."

Bernadeta alivuta kiti. Miguu ilikuwa inamuuma. "Nieleze polepole. Mlitunyima kwa sababu ya uongo wetu?"

"Uongo ulitusikitisha. Lakini hata bila uongo mngekosa. Ukienda kuomba mkopo, mkopeshaji anataka kujua utalipaje. Ndiyo maana unamwonyesha kilicho kizuri. Mfuko huu haukopeshi, wala hautoi sadaka. Ni fedha za umma za kutafuta jibu ambalo mfanyabiashara mdogo hawezi kulitafuta peke yake. Kwa hiyo swali lao la kwanza ni hili: hamjui nini? Nyinyi mliandika kwamba hakuna tatizo lolote. Sasa mtu asiye na tatizo apewe fedha atafute nini?"

"Lakini kutojua ni aibu."

"Kutojua ndiko kunakonipa mshahara mimi, mama. Siku tukijua yote, watafunga kituo hiki."

"Hizo fedha za umma, zinatoka wapi?"

"Kwenye kodi. Ukinunua sabuni, kuna kodi ndani yake. Ukinunua vocha ya simu, vilevile. Kwa hiyo zako zimo, na za kila mtu zimo. Ndiyo maana zina masharti. Utaonyesha kila zilipotumika. Na jibu likipatikana, wengine nao wataruhusiwa kulisoma."

"Hata Selina anayeanika pembeni yangu?"

"Hata Selina. Naye ananunua sabuni."

Bernadeta alifikiri kidogo. "Na tukijaribu tukashindwa?"

"Mkijaribu kwa uangalifu mkaona kwamba njia fulani haifai, hilo nalo ni jibu. Hamtafungwa kwa sababu hiyo. Kitakachowatia matatani ni kuficha, au kula fedha."

"Basi tukiomba tena tutapata?"

"Sijui. Waombaji ni wengi, na siwezi kukuahidi. Tena nikiwasaidia, mimi sitakaa kwenye kikao cha kuamua maombi yenu. Itakuwa si haki kwa wengine. Ninachoweza ni kukuonyesha njia, na kituo chetu kinaweza kuwapimia dagaa mkikubaliwa."

Kisha Najat akamweleza kuhusu dagaa wenyewe. Dagaa wana mafuta mwilini. Mafuta hayo huharibiwa na joto kali, huharibiwa na mwanga, huharibiwa na hewa. Unyevu ukizuiliwa ndani ya banda, dagaa huchelewa kukauka, na hapo uharibifu huanza mapema. Lakini lipi kati ya hayo lilikuwa linawatesa wao? Hilo Najat hakulijua.

"Anzeni nyumbani," alisema. "Chukueni dagaa wa mtumbwi mmoja, wa siku moja. Wagaweni. Wengine wakaushe karibu na mlango, wengine katikati. Wekeni kidogo cha kila fungu kwenye mfuko wake. Andikeni juu ya mfuko tarehe, mahali, na hali ya hewa. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha mawili pamoja, hamtajua lipi limesaidia. Na, mama, usiwape kuku chochote!"

Luhaga alikuwa mezani Bernadeta aliporudi.

"Umemwambia kuhusu wale wa Selina?"

"Nimemwambia."

"Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu!"

"Nguo zilikuvuka siku ile alipotafuna, Baba Winnie."

Luhaga alisukuma sahani, akaenda kulala bila kumaliza ugali.

Bernadeta alianza peke yake. Ilikuwa kazi juu ya kazi. Alinunua, akaosha, akatandaza kama kila siku. Sasa ilibidi pia agawe, afunge vifuko, aandike. Jioni macho yalikuwa yakimfumba kalamu ikiwa mkononi. Mara nyingine alijiuliza kama si afadhali aache mabomba yawe mageti. Asubuhi aliamka tena, akaenda mwaloni.

Luhaga alifika bandani mchana mmoja wa jua kali. Hakuja kusaidia. Alikuja na futi ya kupimia, ajue mabomba yatatosha mageti gani. Aliingia hadi katikati. Muda si mrefu shati lilikuwa limelowa jasho. Kisha tone la maji likamdondokea shingoni. Akatazama juu. Nailoni yote ilikuwa imejaa matone kwa ndani, na matone yalikuwa yakiwaangukia dagaa.

"Mama Winnie! Maji haya yanatoka wapi? Mvua hainyeshi."

"Yanatoka kwenye dagaa," alijibu Bernadeta. "Yanapanda, yanakosa njia, yanarudi."

Luhaga alisimama pale, maji yakimdondokea. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikuwa amejenga nyumba nzuri isiyo na dirisha.

Kesho yake alikuja na vifaa. Alianza kupima upande mmoja na upande wa pili, tayari kukata kote.

"Upande mmoja tu," alisema Bernadeta.

"Kwa nini? Dawa tumekwisha kuiona."

"Tumeona maji. Dawa bado. Ukitoboa kote, tutalinganisha na nini?"

Luhaga alishusha futi. "Huyo binti amekufundisha ukali," alisema. Lakini akatoboa upande mmoja tu. Chini aliacha matundu ya kuingiza hewa, na juu kabisa matundu ya kuitoa. Yote akayaziba kwa wavu wa inzi. Banda likakatwa katikati kwa pazia la nailoni. Baadaye, fungu lile lilipokamilika, walifunika kwa turubai jeusi sehemu ya upande wenye matundu, wauone pia mwanga unafanya nini.

Vifuko vilikaa jikoni wiki baada ya wiki. Siku ya kuvifungua, Bernadeta alimwita Salehe. Hakumwambia kipi kimetoka wapi.

Salehe alinusa cha kwanza, akageuza uso. "Hiki mpe adui yako." Akanusa cha pili. "Hiki si kibaya, lakini sitawapelekea wateja wangu." Alinusa vingine, vingine akavirudia. Akafika kwenye cha dagaa waliokaushwa chini ya turubai, penye hewa. Akanusa, akavunja, akatafuna.

"Shemeji, hawa unao wengi?"

"Gunia moja."

"Limeshauzwa. Usilionyeshe kwa mtu."

Gunia lile lilikwenda Misungwi. Halikurudi. Alirudi Salehe peke yake, anataka jingine, tena na maneno yake. "Kuna mama amenisifia leo. Anasema kwa mara ya kwanza ametafuna dagaa bila kusikia kama anatembea barabarani." Selina naye alikuja kuuliza kama angeweza kukodi chanja moja wakati wa mvua. Luhaga hakutaja tena mageti. Ila si kila fungu lilikuwa zuri. Fungu moja la chini ya turubai liligeuka rangi, na jingine lililokaushwa siku hiyo hiyo, pale pale, likabaki zima.

"Ni joto," alisema Bernadeta.

"Ni mwanga. Turubai lilivutwa na upepo siku ile," alisema Luhaga.

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi unajuaje?"

Luhaga alikuna kichwa. "Sijui," alisema.

Neno lile lilikuwa geni mdomoni mwake. Bernadeta alijifanya hakulisikia. Alikwenda kuleta karatasi.

Waliandika pamoja. Bernadeta alikuwa na vifuko na maandishi yake. Luhaga alikuwa na mwandiko mzuri. Safari hii waliuandikia mfuko mambo waliyoyaona. Waliandika kwamba magunia mengi yaliharibika na yakauzwa kuwa chakula cha kuku. Waliandika kwamba matundu na kivuli vimesaidia. Kisha wakafika mahali pa swali, na Bernadeta akasema, "Andika: hatujui kama kinachoharibu zaidi ni joto, mwanga au unyevu, na hatuna vipimo vya kujua."

Kalamu ilisimama. "Tukiandika 'tunakaribia kujua'?"

"Tunakaribia?"

"Hapana."

"Basi, Baba Winnie."

Luhaga aliandika. Hatujui. Aliandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko zile nyingine. Halafu wakaomba kile walichohitaji hasa. Waliomba vipimo vya joto na unyevu, muda wa kituo cha utafiti kuwapimia dagaa, na nailoni ya aina mbalimbali za kujaribia. Mabanda mengine hawakuyaomba.

"Kuna jambo moja limebaki," alisema Luhaga.

"Lipi?"

Luhaga alivuta karatasi. Aliinama, akaandika mwenyewe chini ya ukurasa. Alipomaliza akamsomea, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi kutwa nzima. "Dagaa mliowaona siku ya ziara hawakukaushwa kwenye banda hili. Mimi Luhaga niliwanunua kwa jirani. Mke wangu alinikataza. Naomba radhi."

Bernadeta alipangusa meza kwa kitambaa, ingawa meza ilikuwa safi. "Saini," alisema.

Walisaini wote wawili. Najat alikuwa amewapa karatasi ya kituo, iliyosema kwamba kituo kiko tayari kushirikiana nao kama wakikubaliwa. Wakaiweka pamoja na nyingine.

Asubuhi walikwenda posta mjini. Palikuwa na foleni, na Bernadeta aliegemea ukuta, mgongo ukimuuma. Luhaga aliingiza karatasi kwenye bahasha. Akazitoa, akazihesabu, akazirudisha.

"Wakikataa tena?" aliuliza.

"Watatuambia sababu. Safari hii utaisoma barua mpaka mwisho."

Luhaga alitabasamu kidogo. Akapaka gundi, akakunja mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja chake kizito. Aliushikilia hivyo hadi foleni iliposogea na zamu yao ikafika.

"Ya kawaida au rejista?" aliuliza karani.

"Rejista," alisema Luhaga. "Inakwenda Dodoma."

Karani aliipima, akagonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua.